Baiskeli Nane Nyekundu

Njombe,
Jumapili, 14 Juni 1998

Dada yangu mpendwa Fidelia,

Kamwene, dada. Nakusalimu kwanza kwa salamu ya kwetu, maana huko Upangwani ulikoolewa nadhani husalimiwi hivyo mara nyingi. Habari za Lugarawa? Shemeji Laurenti anaendeleaje na kifua chake? Na yule ng'ombe uliyesema amepotea, alionekana? Sisi huku tupo, tunaendelea. Baridi ya mwaka huu imewahi. Juzi sakitu ilianguka, asubuhi tukakuta majani ya viazi yamekuwa meusi kama yamepitiwa na moto. Wifi yako Eveline anakusalimu sana. Anasema zile mbegu za maharage ulizompa zimeota vizuri, ila mvua ilikuwa nyingi mno, sehemu kubwa ikaoza.

Najua nimechelewa kukuandikia. Barua zako mbili nilizipata, ya Aprili na ile aliyoileta mwalimu mwezi uliopita. Si kwamba nilikosa nafasi. Nilikuwa nakaa na kalamu, naandika salamu, nikifika mwisho wa salamu naikunja karatasi. Leo tumetoka ibadani, nimemwambia Eveline asiningoje mezani mpaka nimalize. Nimechoka, dada, na sehemu kubwa ya uchovu huu nimeipata kwa kutokuandika.

Katika barua zote mbili umeniuliza jambo moja: ilikuwaje mwanao Konsolata akaanguka, yeye aliyezoea njia za milima tangu alipokuja kwangu akiwa na miaka tisa? Mwenyewe alikuandikia kwamba aliteleza kwa uzembe wake. Naomba unipe nafasi nikueleze tangu mwanzo, na unisome mpaka mwisho kabla hujamwambia shemeji neno lolote.

Kama unavyojua, tangu mwaka wa themanini na sita mimi ni mtu wa chanjo. Nafunga boksi la barafu nyuma ya baiskeli, napanda na kushuka vijiji vya upande wa Kipengere, nachanja watoto surua, pepopunda na kifua kikuu, narudi. Baiskeli yangu ilikuwa ile nyeusi ya Kichina ambayo ulinicheka siku nilipokuja nayo msibani kwa baba, ukasema nimeketi juu yake kama mzee wa baraza. Konsolata alipomaliza mafunzo yake na mradi ukamwajiri, alipewa nyeusi kama yangu. Na niseme haki: ndani ya mwaka mmoja alikuwa amenipita. Vijiji vya mbali kabisa, vile vya kule ambako ukungu hautoki mpaka saa tano, ndivyo alivyoviomba. Akina mama wa huko walikuwa wakimwita Nesi wa Asubuhi, kwa sababu alifika wakati wengine bado wanachochea moto.

Mwaka jana, mwezi wa Septemba, gari la mradi lilikufa kabisa. Msimamizi wetu, Bwana Kristofa, akatuita ofisini, akasema wafadhili wamekubali kununua baiskeli mpya nane, moja kwa kila mchanjaji, ila ziwe za milimani, zenye gia na shokapu mbele na nyuma, kwa sababu zile nyeusi zinatuua migongo na zinavunja chupa za dawa. Sharti lilikuwa moja. Zote nane ziwe za aina moja, ili vipuri viingiliane na fundi asihangaike. Akasema anataka watu wawili wakajaribu na kuandika taarifa: mimi kwa ukongwe wangu, na Konsolata kwa kuwa ndiye mwenye njia mbaya kuliko wote.

Basi tukaenda Makambako. Dada, tangu uondoke mji ule umegeuka. Unakumbuka zamani, kupata baiskeli ilikuwa kumwandikia katibu kata na kungoja mpaka ukasahau kwamba uliandika. Siku hizi kuanzia stendi mpaka karibu na reli ni maduka tu, redio, mablanketi, mabati, na wenye maduka wametoka kila mkoa. Tulielekezwa kwa mtu mmoja anaitwa Mustapha, mzaliwa wa Kondoa, mwembamba, mpole wa maneno. Baiskeli alikuwa amezining'iniza darini kama nyama buchani. Zenye springi pande zote mbili alikuwa na aina mbili tu, nyekundu na ya kijivu.

Alitueleza bila kuvutia upande wowote, na hilo nilimheshimu. Nyekundu, alisema, springi zake ni ndefu. Ukipita kwenye mawe inazama na kuinuka, wewe mwenyewe husikii kitu. Lakini ni nzito, na ukipanda mlima sehemu ya nguvu zako inaliwa na ile springi ya nyuma, unakanyaga pedali na baiskeli inanesa badala ya kwenda. Ya kijivu ni nyepesi, springi zake fupi na ngumu. Mawe utayasikia kidogo, ila kila unachokanyaga kinaingia kwenye tairi. Konsolata akamuuliza ikiwa na mzigo nyuma inakuwaje. Mustapha akasema hilo yeye hajui, wateja wake wa baiskeli hizi ni vijana wa mjini wasiobeba kitu. Akasema, "Chukueni zote mbili, binti. Mkae nazo siku tatu huko kwenu, mrudi mniambie na mimi nijue." Ilikuwa imefika adhuhuri, akaenda kuswali, akatuacha peke yetu dukani tukipima urefu wa viti.

Siku hizo tatu tulizunguka Kipengere nzima. Ilikuwa Oktoba, udongo mkavu, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Tulijaza maboksi mchanga wa uzito sawa na barafu na dawa, tukafunga keria, tukabadilishana baiskeli kila baada ya kijiji. Konsolata alifanya kazi ile kwa makini ya kunishangaza. Alihesabu mara ngapi alishuka kusukuma. Mlima mmoja unaotoka mtoni kwenda kwenye shule, mrefu, una kona nne. Kwa ya kijivu aliupanda wote bila kushuka, akanisubiri juu akila njugu. Kwa nyekundu alishuka kona ya pili, akaisukuma mpaka juu, na alipofika miguu ilikuwa inamtetemeka. Yeye ni mdogo wa umbo, dada, unamjua, amekuchukua wewe. Baiskeli ile na boksi lake vilikaribia uzito wake mwenyewe.

Tulipokaa kupumzika aliniambia jambo lingine, na naliandika hapa kama alivyolisema, maana sijalisahau hata siku moja. "Mjomba, hii nyekundu ikiwa tupu ni nzuri. Ukiifunga boksi, nyuma inazama na kuanza kutikisa mkia. Kwenye mteremko mkavu namudu kuishika. Mvua ikinyesha sijui kama nitaweza." Nikamjibu kwamba tutaona. Akasema kwa upande wake ni ya kijivu, hana shaka, na kwamba hata mzee Efraimu wa kituo cha Igosi, aliyeazimwa zote mbili azunguke nazo uwanjani, amesema hivyohivyo.

Tukazirudisha Makambako. Kesho yake Konsolata akarudi kituoni kwake kwa sababu siku ya chanjo ilikuwa imefika, nami nikabaki Njombe niandike taarifa. Mwisho wa Novemba zililetwa baiskeli nane nyekundu.

Najua hapo umesimama. Nenda nami kidogo.

Mvua za mwaka huu hukuzikosa hata huko. Watu wa redio walizipa jina la kigeni, elinino. Huku sisi tulizijua kwa madaraja yaliyobebwa na kwa njia zilizogeuka makorongo. Desemba, Januari, Februari, Konsolata aliendesha ile nyekundu kwenye matope yale. Akifika ofisini kuchukua dawa nilikuwa namwona viganja vimechubuka kwa kushika breki. Nilimuuliza mara moja kama baiskeli inamsumbua, akasema ataizoea. Nikaridhika na jibu hilo, maana ndilo nililokuwa nalitaka.

Tarehe kumi na saba Machi, Jumanne, alikuwa anashuka kutoka kijiji cha mwisho kwenda mtoni, mlima uleule wa kona nne. Mvua ilikuwa imekatika saa moja nyuma. Boksi lilikuwa limejaa nusu. Mama mmoja, Vestina, aliyekuwa anapalilia ngano juu ya njia, ndiye aliyeona. Anasema binti alikuwa anashuka polepole, hakuwa anakimbiza hata kidogo, akafika kona ya tatu, nyuma ya baiskeli ikaenda kushoto, ikarudi kulia, ikaenda tena kushoto, na safari hiyo haikurudi. Walianguka pamoja, yeye, baiskeli na boksi, mpaka kwenye miti ya miwati iliyo chini ya njia. Mama Vestina alipofika, mguu ulikuwa umekaa vibaya, umegeuka mahali ambapo mguu haugeuki. Akataka kumwinua. Konsolata akamwambia asimguse, aangalie kwanza kama kifuniko cha boksi kimefungwa, kisha alipeleke boksi shuleni kwenye kivuli, ndipo aite watu.

Walimbeba kwa machela ya miti, wakapokezana mpaka barabarani, na lori la viazi likampeleka hospitali ya Ikonda. Lilichukua siku nzima kwa jinsi njia ilivyokuwa. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika mara mbili. Yote yaliyofuata ulikuja ukayaona mwenyewe ile wiki ya Pasaka: mguu umening'inizwa kwa mawe ya kuuvuta ili mfupa uunge, na yeye anakuuliza habari za wadogo zake kana kwamba ni wewe uliyelazwa. Nilikuwepo ulipomfokea kwa mapenzi, ukasema nani alimtuma kukimbiza baiskeli kwenye utelezi. Akasema, "Nisamehe, mama, ni uzembe wangu." Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, nimewapa mgongo, najifanya naangalia watu wanaoanika nguo.

Dada Fidelia, haukuwa uzembe wake. Wala mvua peke yake haikutosha kufanya vile.

Miaka miwili kabla ya hayo yote nilikwenda Ikonda kimyakimya. Eveline nilimwambia nimeenda semina. Mgongo ulikuwa umefika mahali ambapo nikishuka kwenye baiskeli nalazimika kushika mti kwanza nisimame, ndipo nitembee. Daktari alinipiga picha, akanionyesha pingili za chini zilivyosagika. Akaniambia niache baiskeli, akauliza kama sina kazi nyingine. Niliichoma karatasi aliyonipa. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, dada. Watoto wote wa Kipengere wenye kovu begani, kovu lile nimelitia mimi. Sikujua ningekuwa nani nikikaa nyumbani.

Kisha siku ile ya Oktoba nikapanda ile nyekundu, nikapita kwenye mawe ya mtoni, na sikusikia maumivu. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nilishuka na kutembea wima kama mtu. Nilienda nyuma ya mti nikakaa peke yangu kidogo, kwa furaha. Tangu dakika hiyo Konsolata angeweza kuniambia lolote, nisingemsikia. Nilikuwa mzito wa kutosha kuituliza baiskeli ile, na njia zangu hazikuwa mbaya kama zake. Nilijiambia kijana ana damu, atazoea.

Bwana Kristofa alikuwa ametupa fomu mbili, moja yangu na moja yake, kila mtu aandike maoni kwa mkono wake. Ya kwake ilibaki mezani kwangu kwa sababu aliwahi kuondoka. Alikuwa amenieleza cha kuandika, akaniambia, "Niandikie, mjomba, nitakapokuja nitasaini." Nilikaa nayo siku nzima. Halafu niliandika kwamba yeye, Konsolata, amejaribu zote mbili na amependelea nyekundu kwa mizigo na miteremko. Na chini nikatia saini yake.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Nimeliandika, na mkono haujakatika.

Zilipokuja baiskeli, alisimama mbele ya meza ya Bwana Kristofa akauliza kwa heshima kwa nini zimeletwa hizi. Bwana Kristofa akacheka, akafungua faili, akamwonyesha. "Si wewe mwenyewe uliyechagua?" Mimi nilikuwa pale, kwenye benchi, hatua tatu. Aliitazama ile karatasi kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akairudisha. Akasema, "Ndiyo, bwana." Akachukua baiskeli yake akatoka.

Tangu siku hiyo mpaka juma lililopita hatukuwahi kulizungumza. Amekaa Ikonda miezi mitatu sasa, nimekuwa nikienda kila baada ya wiki mbili na uji wa ulezi na nguo safi, tunazungumza habari za watu na mashamba. Jumatano hii nilishindwa. Nilikaa kando ya kitanda nikamwambia yote, kuanzia mgongo wangu. Alisikiliza huku anakunja na kukunjua ncha ya shuka. Nilipomaliza alisema, "K yangu haina mkia, mjomba." Sikumwelewa. Akainua kidole, akaandika hewani jinsi anavyosaini, kisha jinsi nilivyosaini mimi. "Wewe uliitia mkia. Nilijua palepale." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema angesemaje mbele ya bosi kwamba mjomba aliyemlea, aliyemlipia shule, ameghushi. Akasema alidhani nitasema mwenyewe kesho yake, kisha kesho kutwa, kisha mvua zikaanza.

Nilimwambia nitakuandikia. Alifumba macho mpaka nikafikiri amelala. Halafu akasema, "Mwandikie. Mimi nimechoka kumdanganya mama kwa ajili yako." Hakuniambia amenisamehe, dada, nami sikumwomba. Niliona kuomba kungekuwa kumbebesha mzigo mwingine.

Ijumaa nilikwenda kwa Bwana Kristofa nikamwambia hivyohivyo, nikamkabidhi funguo za friji ya dawa na baiskeli yangu. Sikufukuzwa kwa kelele. Aliwaita wachanjaji waliokuwepo, akawauliza habari za zile nyekundu. Kumbe kila mmoja alikuwa anateseka nazo milimani, na kila mmoja alidhani yeye peke yake ndiye dhaifu, kwa sababu faili lilisema Konsolata wa Kipengere amezichagua. Nilitamani ardhi ipasuke. Mustapha amekubali kuzichukua zilizo nzima na kutoa za kijivu badala yake. Ametuma neno kwamba sasa na yeye amepata jibu la lile swali la Konsolata kuhusu mzigo. Kuhusu mimi, wafadhili wataamua. Kwa sasa niko nyumbani, nalima kwa kuinama kidogo na kukaa sana. Eveline ameshajua yote. Siku mbili hakusema nami, jana akanikanda mgongo.

Mguu wa Konsolata umeunga. Daktari anasema umekuwa mfupi kwa vidole viwili, atachechemea, na baiskeli asiifikirie tena. Bwana Kristofa amemwahidi kazi ya kutunza dawa na takwimu hapa mjini. Yeye hajakubali wala hajakataa. Alichosema ni kwamba kwanza anataka kuja kwako akae mpaka mavuno.

Ataruhusiwa Jumatatu ya wiki ijayo, tarehe ishirini na mbili. Nimepata gari la mchungaji mpaka Njombe, na kutoka hapo tutapanda basi la Ludewa. Nitamleta mwenyewe, kwa kuwa bado anatembea kwa magongo na mabegi hawezi kubeba. Tutafika Jumatano mchana, njia ikiwa salama. Barua hii anakuletea mwalimu Remmy, anayeondoka kesho alfajiri, ili ikutangulie. Sikutaka unipokee kwa chai kabla hujajua unampokea nani.

Sikuombi jibu. Ukitoka nje ukampokea mwanao ukafunga mlango, nitaelewa, nitalala kwa watu wa stendi na kurudi na basi la kesho yake. Ukinikaribisha, nitakaa utakaponiambia nikae. Ila ninalokuomba ni hili moja: usimfokee tena kwa habari ya ule mteremko. Alishuka polepole.

Nisalimie shemeji Laurenti, na watoto wote kwa majina yao. Eveline anatuma salamu, na kibuyu cha asali kipo kwenye mzigo wa Konsolata, kimeandikwa jina lako. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Enoki